Boksi la Fyuzi la Ziada kwenye Pikipiki: Soma Dalili Kabla ya Kununua

Fungua siti ya bodaboda iliyofungwa taa za LED, chaja ya simu, honi ya ziada na kifaa cha GPS, kisha tazama kichwa cha chanya cha betri. Mara nyingi utakuta nyaya nne au tano zimerundikwa chini ya bolti moja. Baadhi zina fyuzi ya kioo ndani ya kishikio cha plastiki, baadhi hazina fyuzi kabisa. Matatizo mengi ya umeme yanaanzia hapo: taa zinazozimika kwenye makorongo ya njia ya Kibosho, betri isiyofika asubuhi, waya unaonuka kuungua chini ya tangi. Boksi la fyuzi la ziada, yaani kisanduku kinachogawa umeme wa betri kwa kila kifaa kupitia fyuzi yake, linatibu mengi ya hayo. Lakini ukilinunua bila kujua tatizo liko wapi, utakuwa umelihamisha tu kutoka kwenye betri kwenda kwenye boksi.

Kabla ya yote, elewa mambo mawili. Kwanza, fyuzi inalinda waya, wala si taa au simu yako. Ukubwa wake unapangwa na unene wa waya, na kifaa kinachofungwa mwisho wa waya huo kinatakiwa kitumie pungufu ya hapo. Pili, boksi haliongezi umeme hata kidogo. Kama magneto (jenereta ya pikipiki) inazalisha wati chache, boksi la njia 12, yaani lenye nafasi 12 za fyuzi, halitazizidisha.

Vifaa vya kutafutia tatizo ni vichache: multimita ya kawaida, balbu ya indiketa ya 21 W iliyounganishwa nyaya mbili fupi, sumaku ndogo, na koleo ya kubania lagi (vichwa vya chuma vya ncha za waya). Balbu hiyo ya 21 W ndiyo itakayookoa fyuzi zako nyingi.

Fyuzi inakatika papo hapo unapowasha

Hii ni shoti. Waya wa chanya umegusa fremu au waya wa hasi mahali fulani. Usiongeze ukubwa wa fyuzi, na usifunge karatasi ya sigara wala kipande cha waya mahali pa fyuzi. Ukifanya hivyo waya wenyewe unakuwa fyuzi, nao unakatikia chini ya tangi la petroli.

Chomoa kifaa mwisho wa waya, iwe ni taa au chaja. Toa fyuzi iliyokatika, na mahali pake unganisha ile balbu ya 21 W. Sasa balbu ndiyo inayopitisha umeme, na hata shoti ikiwepo haitapita zaidi ya ampea 2, kiasi kisichoweza kuudhuru waya. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote ilhali kifaa kimechomolewa, shoti iko kwenye waya. Isipowaka, rudisha kifaa. Ikiwaka kwa nguvu sasa, kifaa chenyewe ndicho kibovu.

Balbu ikiwa bado imeunganishwa, zungusha usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto hadi mwisho. Kaa kwenye siti. Tikisa waya kwa mkono kuanzia betri kwenda mbele. Mahali balbu inapowaka au kuzimika ghafla ndipo penye mchubuko. Sehemu zinazochubua waya karibu kila pikipiki ni shingo ya usukani, mabano ya tangi, ncha ya chuma chini ya siti, na mahali waya unapopita karibu na bomba la moshi. Kwenye pikipiki za mizigo ongeza fremu ya keria, kwa sababu kamba na raba za kufungia mkungu wa ndizi hukandamiza waya wa taa za nyuma siku baada ya siku.

Kuna shoti nyingine inayowachanganya mafundi: fyuzi ndogo ya waya wa kuamsha rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) inakatika kila ufunguo unapofunguliwa, ilhali nyaya zote ni nzima. Angalia kama rilei ina dayodi ndani, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Rilei ya namna hiyo inataka chanya kwenye mguu wa 86 na hasi kwenye 85. Ukigeuza, dayodi inapitisha umeme moja kwa moja na fyuzi inakatika, au dayodi yenyewe inaungua. Rilei isiyo na dayodi haijali upande.

Fyuzi inakaa dakika kadhaa, kisha inakatika

Hapa hakuna shoti, ila mzigo ni mkubwa kuliko fyuzi. Fyuzi ya bapa, ile ya plastiki yenye miguu miwili, haikatiki mara tu namba yake inapovukwa. Kwa kiwango cha kimataifa cha fyuzi za magari, fyuzi iliyozidiwa kwa asilimia 10 inaweza kukaa saa 100 bila kukatika. Ikizidiwa kwa asilimia 35 inaweza kuchukua hadi dakika 10. Ikibeba mara mbili ya namba yake inatakiwa ikatike ndani ya sekunde 5. Kwa hiyo fyuzi inayokatika kila baada ya safari ya Sakina hadi mjini imezidiwa kidogo tu, na hesabu itakuonyesha ni kiasi gani.

Gawanya wati kwa volti, upate ampea. Injini ikizunguka, tumia 13.5 V. Taa mbili za LED zenye wati 20 za kweli kila moja zinakula 40 W, yaani ampea 3. Fyuzi ibebe si zaidi ya robo tatu ya namba yake kwa mzigo wa kudumu: ampea 3 ugawe kwa 0.75 ni 4, kwa hiyo chukua ya 5 A. Chaja ya USB ya matundu mawili, kila tundu 5 V kwa 2.1 A, inatoa 21 W. Ukiongeza upotevu wake ni karibu ampea 2 upande wa betri, hivyo fyuzi ya 3 A inatosha. Kifaa cha GPS kinakula pungufu ya robo ya ampea, kipe fyuzi ya 2 A.

Tahadhari na wati zilizoandikwa kwenye boksi la taa. Taa ndogo iliyoandikwa 120 W inaweza kula 15 W tu, na nyingine inakula zaidi ya inavyodai. Usiamini maandishi. Weka multimita kwenye skeli ya 10 A, iunganishe mahali pa fyuzi, uwashe taa, usome. Dakika moja ya kupima inakuambia zaidi ya kifungashio chochote.

Honi za kompresa ni habari tofauti. Zinaweza kuvuta ampea 15 hadi 20 kwa muda mfupi, na boksi dogo la pikipiki halifai kuzibeba. Ziwe na waya wao, fyuzi yao na rilei yao kutoka betri, nje ya boksi.

Fyuzi nzima, boksi limeyeyuka

Dalili hii ndiyo ya hatari kuliko zote, na ndiyo inayotenganisha boksi zuri na bovu. Unafungua kifuniko unakuta plastiki ya fyuzi imegeuka kahawia, mguu mmoja umeungua, lakini utepe wa ndani haujakatika. Wengi husema fyuzi ilikuwa bandia. Wakati mwingine ni kweli, lakini mara nyingi kosa ni la mshiko.

Vyuma vinavyoushika mguu wa fyuzi vikilegea, umeme unapita kwenye sehemu ndogo ya mgusano, na hapo panazalishwa joto. Fyuzi haioni mzigo kuzidi, kwa sababu mzigo haujazidi. Ampea 8 zinazopita kwenye mgusano wenye ukinzani wa 0.1 Ω zinatoa wati 6.4 za joto ndani ya plastiki ndogo. Joto linalegeza chuma zaidi, ukinzani unapanda, na mzunguko unaendelea hadi plastiki inayeyuka.

Pima hivi: mzigo ukiwa umewashwa, weka multimita kwenye skeli ya volti ndogo. Ncha moja gusa kwenye bolti ya kuingizia umeme ya boksi, nyingine kwenye skrubu ya kutokea ya njia hiyo. Kwa mzigo wa ampea 3 hadi 5, usomaji wa chini ya 0.1 V ni mzuri. Ukizidi 0.2 V, mshiko au skrubu imelegea, au kutu imeingia.

Unaponunua, fanya majaribio mawili dukani. La kwanza: chomeka fyuzi uichomoe kwa vidole. Ikitoka kirahisi bila kung'ang'ania, acha boksi hilo. Boksi zuri linakufanya utafute koleo. La pili: gusa vyuma vya ndani kwa sumaku. Shaba na shaba nyeupe havishikwi na sumaku. Vyuma vikinasa, ni bati lililopakwa rangi ya shaba au nikeli, nalo litaota kutu masika ya kwanza. Muuza spea mzuri hatakukataza kujaribu.

Fyuzi bandia nazo zipo, na zinapimika. Chukua fyuzi ya 5 A kutoka kwenye pakiti, iunganishe na balbu mbili za gari za H4, kila moja ukitumia upande wake wa 55 W, kwa betri yenye chaji. Hapo zinapita ampea karibu 9. Fyuzi halali itakatika ndani ya dakika moja, mara nyingi mapema zaidi. Isipokatika, tupa pakiti nzima. Rangi nazo zisome: kijivu ni 2 A, zambarau 3, kahawia hafifu 5, kahawia iliyokolea 7.5, nyekundu 10, bluu 15, njano 20, isiyo na rangi 25, kijani 30. Pakiti ambayo rangi na namba havilingani ni ushahidi wa kutosha.

Taa hafifu, chaja inajizima na kuwaka

Boksi linalaumiwa, kumbe waya ndio wenye njaa. Waya wa shaba wa 1 mm² una ukinzani wa karibu 0.0175 Ω kwa mita. Mzigo wa ampea 10 ukipita mita 3, ukihesabu kwenda na kurudi, unapoteza zaidi ya nusu volti. Badili uwe 2.5 mm², upotevu unashuka hadi 0.2 V. Hii ndiyo sababu waya unaolisha boksi kutoka betri unatakiwa uwe mnene na mfupi, hata kama kila njia inayotoka ni ndogo.

Kwa kazi za pikipiki tunatumia vipimo hivi, na havijawahi kuunguza waya: 0.5 mm² kwa fyuzi isiyozidi 3 A, 0.75 mm² kwa 5 A, 1 mm² kwa 10 A, 1.5 mm² kwa 15 A, 2.5 mm² kwa 20 A, 4 mm² kwa 30 A. Boksi la bodaboda la kawaida linalishwa vizuri na 2.5 mm² na fyuzi kuu ya 15 au 20 A. Anayebeba taa nzito kwa safari za Loliondo au Simanjiro achukue 4 mm².

Waya wa redio na spika usitumie. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu usitumie pia: unavunjika ndani ya ganda kwa mtikisiko, na kwa nje hauonekani. Chagua waya wa magari wenye nyuzi nyingi nyembamba. Kwangua ncha kwa kisu. Ndani pakiwa peupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Ukinzani wake ni takriban mara moja na nusu ya shaba, na inavunjika upesi kwenye lagi. Kama ndiyo pekee iliyopo dukani, panda ngazi moja ya unene.

Kisha ethi, njia ambayo umeme unarudi hasi ya betri. Taa zilizofungwa kwenye usukani na kupewa hasi kupitia bolti ya usukani zinarudisha umeme kupitia bearingi za shingo. Bearingi zina grisi na zinazunguka, hivyo njia hiyo haina uhakika, na ndiyo maana taa zinacheza unapokata kona. Pima: taa zikiwaka, ncha nyeusi ya multimita kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye waya wa hasi wa taa. Ikizidi 0.1 V, ethi ni mbovu. Tiba yake ni kurudisha waya wa hasi wa kila kifaa hadi mahali pamoja. Kwa hiyo, unapochagua, lipe kipaumbele boksi lenye reli ya hasi ndani yake, yaani chuma kimoja kinachokusanya nyaya zote za hasi. Utalipa kidogo zaidi, lakini utaepuka kuwinda ethi kwenye fremu iliyopakwa rangi.

Betri imekufa asubuhi

Pikipiki ililala salama, asubuhi stata inagoma. Kabla ya kununua betri, tafuta kinachokula usiku. Zima ufunguo, fungua waya wa hasi wa betri, unganisha multimita kati ya waya huo na kichwa cha hasi. Anza na skeli ya 10 A, ukiona ni kidogo shuka hadi miliampea. Usibonyeze stata multimita ikiwa hapo, fyuzi yake itakwenda.

Pikipiki ndogo isiyo na vifaa vya ziada inatakiwa isome karibu na sifuri. Chomoa fyuzi za boksi moja moja ukitazama namba. Chaja ya USB yenye taa ya bluu au kipimo cha volti inaweza kula miliampea 10 hadi 30 bila simu. Kifaa cha GPS kinaweza kufika miliampea 50 kikitafuta mtandao. Miliampea 50 kwa saa 24 ni 1.2 Ah. Betri ya 5 Ah iliyojaa itakuwa karibu tupu mwisho wa siku ya nne, na isiyojaa itakuacha mapema zaidi.

Hapa ndipo aina ya boksi inapoanza kuwa na maana. Boksi lenye reli moja ya chanya linafanya njia zote ziwe za moja kwa moja, au zote zifuate ufunguo kupitia rilei ya nje. Hakuna katikati. Kama una GPS inayotakiwa kuishi usiku na chaja inayotakiwa kufa ufunguo ukizimwa, reli moja haikutoshi. Una njia tatu: boksi ambalo kila njia ina mlango wake wa kuingia na wa kutoka, boksi lenye reli mbili, au boksi lenye rilei ndani linalokuruhusu kuchagua kwa kila njia. FZ-1 ya Fuzeblocks ni ya aina hii ya mwisho: njia 6, na mahali unapochomeka fyuzi ndipo panapoamua kama njia hiyo inafuata ufunguo au la, kwa jumla isiyozidi 30 A. Inaagizwa kutoka nje. Upande wa reli moja, Blue Sea 5025 ina njia 6, reli ya hasi na kifuniko, lakini ni ya mashua kwa asili na umbo lake ni kubwa kwa chini ya siti ya Boxer au TVS.

Kwa bajeti ya kawaida, boksi la njia 4 au 6 lenye nyaya mbili kwa kila njia, pamoja na rilei ya gari ya miguu minne, linafanya kazi ileile. Njia mbili zipe umeme wa moja kwa moja, zilizobaki zipitie rilei.

Betri inashuka ukiwa safarini

Asubuhi iliwaka vizuri, ukifika Boma Ng'ombe usiku kutoka Arusha stata haina nguvu. Huu si ugonjwa wa boksi. Unatumia kuliko magneto inavyozalisha.

Pima kwenye vichwa vya betri. Injini ikiwa mbio za katikati na vifaa vyote vimezimwa, unatakiwa usome kati ya 13.5 na 14.5 V. Chini ya hapo, kagua rektifaya (kifaa kinachogeuza na kudhibiti umeme wa magneto unaochaji betri) na soketi yake kwanza, maana plagi za rektifaya huungua mara nyingi kuliko rektifaya yenyewe. Juu ya 15 V, rektifaya imekufa na itaua taa zako za LED na chaja. Sasa washa kila kitu. Ikibaki juu ya 13.2 V, uko salama. Ikishuka chini ya 12.8 V, betri ndiyo inayolisha taa, na itakwisha kwa muda unaohesabika.

Pikipiki nyingi ndogo zina taa kubwa inayolishwa umeme wa mawimbi (AC) moja kwa moja kutoka magneto, haipiti betri. Utaitambua: taa inang'aa ukivuta mafuta na kufifia ukiachia. Pikipiki hizo huchaji betri kwa sehemu tu ya uwezo wa magneto, kwa hiyo upande wa betri una wati chache sana za kugawa. Jozi moja ya taa ndogo za LED na chaja moja ndio mwisho. Kuna mafundi wanaobadilisha koili za magneto na rektifaya ili umeme wote upite kwenye betri. Ni kazi nzuri ikifanywa na anayeijua, lakini ifanyike kabla ya kununua boksi.

Rilei inavuma, inapiga tiki-tiki, au haiachii

Rilei inayovuma kama nyuki imepewa umeme wa mawimbi. Fundi ametafuta waya unaopata umeme ufunguo ukifunguliwa, akachukua wa taa kubwa au taa ya nyuma, naye hakujua kwamba kwenye pikipiki hiyo unatoka magneto. Hamishia waya wa kuamsha kwenye saketi inayotoka betri kupitia ufunguo: waya wa swichi ya breki au wa honi kwa kawaida uko hivyo. Hakikisha kwa multimita injini ikiwa imezimwa na ufunguo umefunguliwa: ukisoma volti 12 za betri, huo ndio wako. Chaja ya USB iliyounganishwa kwenye waya wa mawimbi haivumi, inakufa kimya.

Tiki-tiki ya haraka ni volti haitoshi: betri iko chini, au hasi ya koili ya rilei imelegea. Koili ya rilei ya gari ina ukinzani wa karibu 80 hadi 100 Ω na inakula takriban 0.15 A, kwa hiyo waya mwembamba wa 0.5 mm² unatosha kuiamsha, na hauuchoshi wayaringi wa pikipiki.

Rilei isiyoachia ufunguo ukizimwa ina sababu mbili. Ya kwanza, vidole vyake vya ndani vimeungana kwa joto. Igonge kidogo: ikiachia, ibadilishe na usiirudishe. Ya pili ni ya uunganishaji: waya wa kuamsha umechukuliwa kutoka kwenye kitu kinacholishwa na boksi lenyewe. Rilei inajilisha, nayo haizimiki hadi utoe betri. Fuata waya wa mguu wa 86 hadi mwisho wake, na utaona.

Vyote vinazimika kwa pamoja, kisha vinarudi

Kama kila kilichofungwa kwenye boksi kinazimika kwenye shimo na kurudi chenyewe, kosa liko mahali vyote vinapokutana: fyuzi kuu, lagi ya betri, rilei, au ethi kuu. Fyuzi ya kioo kwenye kishikio chenye springi ndiyo ya kwanza kushukiwa, maana springi inacheza kwa mtikisiko. Itupe, uweke kishikio cha fyuzi ya bapa chenye kifuniko cha mpira, kisizidi sentimita 20 kutoka betri. Kipande cha waya kabla ya fyuzi kuu hakina ulinzi wowote, kwa hiyo kila sentimita unayopunguza ni hatari unayopunguza.

Lagi zibanwe kwa koleo yake, isiwe plaizi ya kawaida wala nyundo. Baada ya kubana, vuta kwa nguvu ya mkono. Lehemu ya risasi kwenye ncha ya waya inaonekana imara, lakini inaufanya waya uwe mgumu mahali lehemu inapoishia, na mtikisiko wa barabara ya mawe unaukatia hapohapo. Bana, kisha funika kwa mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani.

Maji, vumbi na mahali pa kufunga

Kutu ya kijani, ule ungaunga wa shaba kwenye miguu ya fyuzi, hutoka zaidi kwenye pampu za kuoshea pikipiki kuliko kwenye mvua ya Moshi. Maji ya shinikizo yanaingia kifuniko chochote cha kawaida. Funga boksi likiwa wima, nyaya zikitokea chini, na kila waya uteremke chini ya boksi kidogo kabla ya kupanda, ili tone lianguke kabla halijafika. Paka grisi ya silikoni kidogo kwenye miguu ya fyuzi. Usijaze boksi kwa silikoni ya kuzibia madirisha: aina nyingi zinatoa asidi zinapokauka, nayo inakula shaba.

Chini ya siti ni pazuri kama kuna nafasi ya kutoa fyuzi bila kufungua tangi. Pembeni ya betri ni pazuri pia, mradi mvuke wa betri ya maji usielekee kwenye boksi. Karibu na bomba la moshi usifunge: fyuzi yenye joto inakatika mapema, na utaitafuta shoti isiyokuwepo. Vumbi la kiangazi ni laini na linaingia kila mahali. Kila unapobadilisha oili, fungua kifuniko, puliza, kagua skrubu zote na ubane zilizolegea.

Njia ngapi? Hesabu vifaa ulivyonavyo, ongeza mbili. Njia 4 zinamtosha bodaboda wengi, 6 zinamtosha karibu kila mtu. Boksi la njia 12 ni la gari: linakula nafasi, na matundu yake yaliyo wazi yanaalika vifaa ambavyo magneto haiwezi kuvilisha. Chagua boksi la fyuzi zenye umbo lilelile la zile zilizomo kwenye pikipiki, ili fyuzi za akiba ziwe za aina moja. Taa ndogo za LED zinazowaka fyuzi ikikatika zinasaidia usiku, ila kumbuka zinawaka tu kama kifaa cha njia hiyo kimewashwa au reli ya hasi imeunganishwa.

Na kama pikipiki ni ya mkopo au ya tajiri, waya wa GPS usiuhamishie kwenye boksi bila kumwambia. Vifaa vingine vina rilei ya kuzimia injini na hutuma taarifa umeme ukikatwa hata kwa dakika. Mwambie kwanza, fanya kazi akijua, na njia hiyo uiwekee alama ya rangi ili fundi mwingine asiichomoe akitafuta tatizo la taa.